Mawe Matatu Upande wa Kushoto

Anayesema bahari inatuliza roho hajawahi kwenda baharini na kaka yangu.

Kaka yangu ni mwalimu wa udereva, na watu wote wanamwita Mwalimu, hata mama aliyemzaa. Gari tulilosafiria ni gari lake la kazi. Juu ya paa lina kibao cha manjano kilichoandikwa MWANAFUNZI, na upande wa abiria, pale nilipokaa mimi, lina pedali ya pili ya breki, ili mwanafunzi akichanganyikiwa mwalimu amwokoe. Pedali ya pili ya mafuta halina. Niliitafuta. Mwalimu aliendesha mwendo uleule anaowafundishia watu wanaoogopa usukani, akawasha taa ya kukata kona hata pale ambapo nyuma yetu hakukuwa na mtu wala mbuzi, na mimi pembeni nikawa nakanyaga sakafu kana kwamba itasaidia, na mara mguu ukagonga breki.

"Fundi," akaniambia, "ukigusa hiyo breki tena nakuhamishia nyuma."

"Nyuma kuna mama."

"Mama atakuja mbele. Mama hana kiherehere."

Kiherehere! Haya. Mimi ni fundi cherehani, wateja wangu wote wanataka nguo ya kesho iwe tayari jana, na kukaa bure sijui. Lakini safari ile haikuwa kiherehere changu peke yangu. Tulikuwa tunakimbizana na jicho la mama.

Jicho lake la kushoto lilizimika mwaka juzi kwa presha ya macho, taratibu, bila maumivu, naye akatuficha mpaka alipoanza kugonga fremu za milango. La kulia lilibaki na uwazi mdogo katikati, pembeni kote giza. Wiki ile daktari alituita sote watatu, akafunga mlango, akasema matone yameshindwa, upasuaji uwe Jumatatu asubuhi, na kila siku inayopita inaondoka na kipande. Hakuzunguka mbuyu. Mama alimsikiliza kwa adabu, akapokea fomu ya kukubali upasuaji, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba.

"Nitaweka sahihi nikishauona ule ufukwe," alisema.

"Ufukwe gani?" daktari akauliza.

Mimi na Mwalimu hatukuwa na haja ya kuuliza. Ufukwe huo uko ukutani sebuleni kwetu tangu sijazaliwa. Ni picha nyeusi na nyeupe, ukubwa wa daftari, baba na mama siku ya tatu ya ndoa yao, wamesimama mchangani na bahari iko nyuma yao. Upande wa kushoto wa picha kuna mawe matatu yaliyopangana, kubwa, la kati na dogo, kama sufuria zilizotolewa kabatini. Baba ndiye aliyeipiga. Alikuwa na studio yake, mama akikaa mapokezi anaandika risiti, na siku ile aliitega kamera juu ya miguu yake mitatu, akabonyeza, akakimbia kwenda kusimama kando ya bibi harusi wake. Ukitazama vizuri utaona mguu wake mmoja haujatua sawasawa.

Halafu kuna lile shati. Nikiwa na miaka kumi na sita, ndiyo kwanza naanza kujifunza kushona, niliiangalia ile picha nikapiga ukelele. Shati la kiume, upande wa kushoto hulala juu ya upande wa kulia, na mfuko hukaa kushoto, penye moyo. Blauzi hufungwa kinyume. Na baba yangu pale mchangani alikuwa amefunga kinyume, na mfuko uko kulia. "Baba! Umevaa blauzi ya mama!" Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Tangu siku hiyo picha ikaitwa Blauzi ya Baba, na kila mgeni akifika lazima aonyeshwe. Baba hakujitetea hata mara moja. Alikuwa anasema tu, "Upepo ulikuwa mkali, nilivaa nilichokipata," na mama anainuka kwenda kuangalia kitu jikoni. Mungu amrehemu, alikufa tukiwa bado tunamcheka.

Jina la ufukwe wenyewe hakuna aliyelijua. Mama alisema walipelekwa na lori la rafiki wa baba, yeye amelala njia nzima, na zaidi ya hapo hakumbuki. Basi kazi nikaichukua mimi. Jumatano nilifunga duka, nikaketi na simu pamoja na daftari langu la vipimo, na pale ninapoandikaga mabega na viuno vya watu nikaandika fukwe. Kando ya ile barabara ya pwani zilikuwa ishirini na mbili. Mwalimu alitaka tuchague zenye nyota nyingi kwenye simu.

"Watu elfu mbili wameusifu huu," akasema.

"Watu elfu mbili hawakuolewa na baba."

Nilifuta zenye mikoko. Nilifuta zilizojengewa ukuta. Nilifuta zile ambazo picha zake zote hazikuwa na jiwe hata moja. Zikabaki saba. Nikaitoa Blauzi ya Baba kwenye fremu, nikaiwekea utepe wangu wa kupimia: jiwe kubwa lilimzidi baba urefu kwa nusu yake, na kati ya la kwanza na la pili palikuwa na nafasi ya kupita mtu mmoja kiubavu. Nilijua ninachokitafuta kuliko ninavyojua kiuno cha mteja yeyote.

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukaondoka. Nilipofika kwenye gari Mwalimu alicheka, maana utepe ulikuwa bado unaning'inia shingoni kwangu. Sikuuvua. Kwa nini niuvue?

Ufukwe wa kwanza ulikuwa mwendo wa saa mbili kwa dereva wa kawaida. Sisi tulitumia tatu na nusu. Palikuwa na kibanda cha soda, bwana mmoja anakodisha viti vya plastiki, na mchanga mweupe kama unga. Mama alivua viatu kabla hata hajashuka vizuri. Alishika fimbo kwa mkono mmoja, viatu kwa mkono mwingine, akateremka mwenyewe.

Na mawe yalikuwepo, jamani. Matatu. Kubwa, la kati, dogo. Nikakimbia kusimama pale ambapo kamera ingesimama, nikaelekea baharini, nikainua picha usawa wa uso.

Mawe yalikuwa kulia. Yote matatu, kulia.

Mama alikuwa mbele yangu, ananyoosha shingo huku na huku, maana jicho lake lilibidi lichote kidogo kidogo. Aliyatazama yale mawe muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Hapa hapa."

"Siyo hapa, mama."

"Mbona ndipo."

"Mama, tazama. Kwenye picha mawe yako kushoto. Hapa yako kulia. Mawe yanahama?"

Mwalimu akakohoa. "Fundi, kama mama mwenyewe anasema..."

"Mama anaona tundu la sindano!" nikamkatiza. "Tunatafuta kwa macho au kwa kubahatisha?"

Nilisema hivyo, mbele yake, mbele ya bwana wa viti. Mama akageuza uso upande wangu. Midomo ikamcheza kama anayetaka kusema kitu, kisha akakiacha.

"Basi labda siyo," akasema. "Wewe ndiye mwenye macho."

Aliketi kwenye kiti cha gari na miguu nje, akaanza kupangusa mchanga kidole kimoja kimoja, polepole mno. Mimi nilikuwa nimeshafunga mkanda.

Wa pili ulikuwa na jiwe moja, na juu yake mtu ameandika jina la mpenzi wake kwa rangi. Wa tatu ulikuwa na mawe matano, na mlinzi wa hoteli aliyetaka kujua tumealikwa na nani. Nikamwambia tumealikwa na marehemu. Mwalimu akaniomba nirudi garini. Kwenye daftari nikapiga mistari mitatu, mmoja juu ya mwingine, kwa nguvu hadi karatasi ikachanika, na jioni tulipopata nyumba ya wageni nilikaa kitandani nikihesabu zilizobaki kana kwamba zingeongezeka au kupungua. Nne. Siku moja na kipande. Nikahesabu tena.

Cha ajabu, mama alikuwa na raha zake. Ijumaa nzima, na Jumamosi, kila niliposema "Siyo hapa," yeye anajibu "Haya, twende mbele," kwa uchangamfu, kama mtu anayepelekwa harusini. Alitusimulia habari za baba ambazo hatujawahi kuzisikia: jinsi alivyokuwa anang'ata ulimi akitaka kubonyeza kamera, jinsi alivyomkataza bwana harusi mmoja asitabasamu kwa sababu ya pengo lake, halafu bwana harusi akatabasamu kwa makusudi. Mimi na Mwalimu tuligombana kuhusu breki, kuhusu madirisha, kuhusu nani alivunja redio ya baba mwaka ule. Mama huko nyuma anacheka. Nilikereka. Niliona mimi peke yangu ndiye niliyeshika roho mkononi, wenzangu wako matembezini.

Jumamosi tulimaliza wa nne na wa tano kabla ya saa sita. Kwenye wa sita mama hakuteremka. Alisimama kando ya gari, ameshika mlango, akauliza kama maji yamejaa au yametoka. Bahari ilikuwa hatua ishirini mbele yake.

"Yamejaa, mama. Si unayaona?"

"Jua kali," akasema. "Jua linaniumiza."

Nilikuwa nimeinua picha, napima mawe. Sikugeuka.

Kwenye wa saba, jioni, hapakuwa na jiwe hata la kumrushia kunguru. Nilikaa chini pale mchangani nikalia kwa hasira. Mwalimu alisimama karibu yangu hajui afanye nini na mikono yake. Nikafungua daftari, nikaanza kurudisha zile nilizozifuta, zile za mikoko, zile za ukuta, nikasema kesho tukiamka mapema tunaweza kuongeza mbili, hata tatu, halafu tukimbie mjini. Nikamtazama mama, nikitegemea atasema basi, imetosha, nitasaini.

"Tuongeze," alisema haraka. "Jumatatu bado mbali."

Jumapili asubuhi niliamka kabla ya jua. Chumba kilikuwa na vitanda viwili, cha mama na changu, Mwalimu alilala chumba cha pili. Picha nilikuwa nimeibana kwa pini mbili kwenye pazia ili isijikunje. Nikasimama mbele ya kioo cha ukutani nafunga kilemba. Nyuma yangu mama alikuwa mezani, anafungua chupa ya chai iliyoletwa na mhudumu.

Kwenye kioo, juu ya bega langu, nikamwona mwanamume amevaa shati vizuri.

Mimi wateja wangu nawasimamisha mbele ya kioo kila siku ya Mungu. Macho yangu yamezoea kuanzia kolani, kushuka kwenye vifungo, kwenda mfukoni. Kola iko sawa. Kushoto juu ya kulia. Mfuko uko pake, penye moyo. Nikasema moyoni, huyu kashonewa na fundi anayejua kazi. Ndipo nikatambua kuwa ni baba. Nikageuka kwenye pazia: blauzi. Nikarudi kwenye kioo: shati la kiume. Na mawe, kwenye kioo, yako kulia.

Mimi nimekulia studio. Nimemwona baba mara elfu akiinua negativu, ile filamu ya kuchapishia picha, kwenye mwanga kuhakikisha upande, maana ukiilaza kinyume picha inatoka imegeuka, kulia inakuwa kushoto, na mteja anakurudishia mbele ya watu. Hilo ndilo kosa alilokuwa akiwatukania wanafunzi wake. Na alikuwa amelifanya yeye, kwenye picha ya ndoa yake mwenyewe, ikatundikwa ukutani miaka yote hiyo, na mimi fundi mzima nikaona blauzi!

"Mama!" nikapiga kelele. "Ni ule wa kwanza! Ulikuwa sahihi! Baba aligeuza negativu!"

"Eeh," mama akasema.

Eeh tu. Ningelishangaa hilo, lakini nilikuwa nimeshaona jambo jingine. Mama alikuwa anamimina chai, na kikombe kilikuwa pembeni. Chai ilikuwa inamwagikia mezani, inatiririka hadi ukingoni, inadondoka juu ya mguu wake, naye ameinamisha uso kwenye kikombe kitupu, anasikiliza kijae.

"Mama. Tangu lini?"

Aliiweka chupa chini. "Tangu jana mchana. Kama ukungu hivi. Nilidhani utapita."

Nilimpigia daktari. Hakunilaumu, na bora angenilaumu. Alisema, "Mleteni leo. Sasa hivi. Msisubiri kesho."

Jamani, kaka yangu aliendesha. Sikujua kama anaweza. Alikiondoa kile kibao cha MWANAFUNZI kwenye paa, akakitupa kwenye buti, akashika usukani kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona akipita lori. Akapita na la pili. Mimi nilikunja miguu chini ya kiti ili isiguse ile breki. Nyuma mama alikaa wima, mkoba magotini, uso ameuelekeza dirishani kama mtu anayetazama nje.

Tulipokaribia ufukwe wa kwanza, Mwalimu hakupunguza mwendo. Na alifanya vizuri. Nami nilikuwa naomba asipunguze.

"Sijaweka sahihi," mama akasema.

"Utaweka hospitali," nikamjibu.

"Nilisema nikishauona ufukwe."

"Mama, hu..." Nilitaka kusema huoni.

Nikaukunjua mguu, nikakanyaga breki. Gari lililia, likayumba, likasimama mita chache kutoka kwenye kibanda cha soda. Nilingoja Mwalimu anikaripie. Alizima injini, akashuka, akaenda kumfungulia mama mlango.

Tukamshika huku na huku. Alivua viatu. Nilimsimamisha palepale aliposimama baba, nikamgeuza kwa mabega kama ninavyowageuza wateja, mawe yakawa pembeni yake. Macho yake yalikuwa wazi na hayakuwa yanashika kitu. Hapo nikashindwa. Nililia kama mtoto mdogo, kamasi na kila kitu.

"Nisamehe, mama. Ijumaa ulikuwa unaona. Ulisema hapa hapa, mimi nikakukatalia, nikakufukuza."

"Niliuona," alisema. "Niliuona wote, mawe na maji. Usilie. Ulipokataa, nilishukuru."

"Ulishukuru nini?"

Alinitafuta kwa mkono, akanipata kwenye utepe shingoni. "Mimi nilijua kwamba ile picha imegeuka. Nilijua tangu siku baba yenu alipoitoa kwenye maji ya kusafishia picha. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikamwona alivyobadilika uso. Mtu wa studio, picha ya ndoa yake! Alitaka kuirudia, wateja wakaja, negativu ikapotea. Akaniapisha nisimwambie mtu."

"Na blauzi?" Mwalimu akauliza. "Miaka yote ile tunamcheka?"

"Alisema heri watoto wanicheke nguo kuliko kunicheka kazi."

Mwalimu alianza kucheka, akaishia katikati. Mimi sikucheka. Kichwa kilikuwa kinafanya hesabu: Ijumaa saa nne asubuhi. Jumamosi nzima. Jumapili.

"Kwa hiyo ulikuwa unatuzungusha," nikasema. "Siku mbili! Ulijua tumeshafika, ukaniacha nizunguke na daftari kama mwehu!"

"Niliogopa kisu," mama akasema. Alisema wazi, kwa sauti kavu. "Niliahidi nikiuona ufukwe nitasaini. Ukasema siyo huu, nikaona nimeongezewa siku. Nikasema kesho nitawaambia. Kesho ilipofika, nyinyi wawili mko mbele mnagombana kuhusu redio ya baba yenu, kama zamani. Sijawapata pamoja tangu mazishi. Nikasema acha kidogo."

"Na jicho?"

"Jicho ni langu."

Sitaficha. Kwa kitambo kifupi nilimchukia mama yangu. Nilitaka kumshika mabega nimtikise, yeye na uoga wake na siri zake za studio. Halafu nikaukumbuka mdomo wangu mwenyewe, pale pale, mbele ya bwana wa viti, tundu la sindano. Aliyekuwa na macho alikuwa mimi. Kama ningemwuliza neno moja tu, "Mama, una uhakika?", angeweza kunidanganya? Mama hajui kudanganya akiulizwa. Anajua kunyamaza tu.

Mwalimu ndiye aliyetuokoa. Mfukoni huwa na kalamu, ile ya kuwasahihishia wanafunzi makosa yao. Akaichukua fomu kwenye mkoba, akaikunjua juu ya boneti, akaushika mkono wa mama akauweka penye mstari.

"Hapa, mama. Ufukwe umeshauona. Andika."

Aliandika jina lake lote, herufi kwa herufi, likapanda juu likatoka nje ya mstari.

"Sasa tupigeni picha," alisema. "Haraka, kisha twende."

Mwalimu aliiegemeza simu juu ya boneti, akaihesabia sekunde kumi, na yeye ambaye hakimbii hata mvua ikinyesha, akakimbia.

Walimpasua siku ileile, alasiri. Daktari alitoka akiwa bado na kofia yake ya kijani, akatuambia kwa namna yake ileile. "Kilichokuwepo Jumapili tumekiokoa. Kilichokuwepo Ijumaa hakirudi." Mwalimu alimshukuru. Mimi nilitazama sakafu, nikahesabu vigae mpaka mwisho wa ukumbi.

Wiki tatu baadaye bandeji zilikuwa zimeshatoka, na ukungu nao. Uwazi uliobaki ulikuwa upana wa tundu la kifungo cha koti, si zaidi, lakini ulikuwa safi. Nilikwenda kuichapisha ile picha, kubwa, ukubwa wa ile ya zamani. Kabla sijatoka pale dukani niliikagua mara nne: mawe kulia, kulia, kulia, kulia. Hata fundi wa mashine aliniuliza kama kuna tatizo.

Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaileta karibu mpaka pua ikakaribia kugusa, akaanza kuisoma kipande kwa kipande. Nilisimama pembeni yake nikishindwa kutulia, nashika hiki, naweka hiki.

"Mawe yako kulia," akasema.

"Yako kulia, mama."

"Mwalimu mguu haujatua. Baba yake mtupu." Akasogeza. "Mimi hapa nimetazama upande siyo. Haya." Akasogeza tena, akakaa pale muda mrefu. "Na wewe umefumba macho."

"Mimi?"

Nikaichukua. Kweli. Nilikuwa nimeiangalia picha ile zaidi ya mara mia, kwenye simu, dukani, ndani ya basi, na kila mara nilikuwa naangalia mawe. Katikati pale, utepe shingoni, uso umelowa, nilikuwa nimefumba macho yote mawili, nimeyabana kabisa.

"Haifai kutundikwa," mama alisema. "Tutarudia."

Nikafungua daftari la vipimo, ukurasa mpya, nikaandika ufukwe mmoja.